Springi Haifufuliwi kwa Moto

Swali ni lile lile, na linatoka barabara ile ile. Mwenye Fuso anayebeba korosho Bungu, mwenye lori la mbao linalotoka Ikwiriri kwenda Mbagala, mwenye gari la abiria linaloshusha watu Nyamisati wakavuke kwenda Mafia: springi imelala, au imekatika jani, na fundi ameahidi kuitia moto mpaka iwe nyekundu, aigonge, aitose kwenye oili chafu, "irudi ujana". Mimi naulizwa oili gani inafaa zaidi, ya injini au ya gia. Siku hizi swali limeota mkia. Watu wamesikia kwamba viwandani springi hupigwa kwa gololi ndogo za chuma ili idumu, basi wanauliza: kama kiwandani nao wanaigonga, nyundo ya fundi wangu ina kosa gani?

Hakuna oili inayofaa. Na nyundo ya fundi wako inafanya kinyume cha kazi ya gololi. Nimelijibu swali hili kwa mdomo mara nyingi mno, nimesimama kando ya magari yenye abiria ndani, na sasa naliandika.

Anza na kile kipande kilichokatika. Usikitupe. Kisugue kwa brashi na mafuta ya taa, kisha ukitazame juani pale kilipovunjikia. Karibu kila mara utaona maeneo mawili. Moja ni laini, limesagika, mara nyingi limeingia kutu, na lina mistari ya mviringo inayotoka sehemu moja ya ukingo. La pili ni la chembechembe, linang'aa, jipya. Eneo laini ni ufa uliotembea kwa wiki au miezi, nywele kwa nywele, kila gari lilipoingia shimoni. Eneo la chembe ni chuma kilichokuwa kimebaki, ambacho siku hiyo kilielemewa na kuachia kwa mpigo mmoja. Fundi hukuonyesha chembe zile akasema chuma "kimeiva vibaya ndani". Wahandisi wa reli wa Ulaya walikuwa na imani kama hiyo katikati ya karne ya 19, ekseli za mabehewa zilipokuwa zinakatika bila onyo, mpaka August Wöhler wa reli za Prussia alipozipima kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba kinachoua chuma ni marudio ya mzigo, hata mzigo ambao chuma hicho kingeubeba mara moja bila kuhisi. Chembe zilikuwamo tangu chuma kinatengenezwa. Wewe umezifunua tu.

Na marudio ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Tuseme gari linakutana na tuta au bonde kila baada ya mita 10. Kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti ni kama kilomita 130, kwa hiyo springi imepinda na kunyooka mara 13,000 kwa safari ya kwenda peke yake. Safari 50 za kwenda na kurudi zinavuka mara milioni moja. Hapo sijaigusa njia ya vumbi ya kushuka kwenye delta ya Rufiji.

Sasa tazama ile mistari ya mviringo imeanzia wapi. Haianzii katikati ya unene wa jani. Inaanzia usoni, na kwa springi ya kawaida ya lori ni uso wa juu, upande wa ndani wa tao. Ekseli inasukuma katikati kwenda juu, masikio ya springi yanavutwa chini na uzito wa bodi, tao linanyooka, na uso ule wa juu unavutwa. Katikati ya unene hakuna mvuto wa kupinda hata kidogo; usoni ndiko mvuto ulipo mkubwa kuliko kwingine kote. Usoni ndiko pia kuliko na mikwaruzo, kutu, alama za nyundo, na sehemu ambazo jani moja limesuguana na jingine. Ukiweza kuulinda uso, umeilinda springi.

Hiyo ndiyo kazi ya gololi, kazi ambayo viwandani huitwa piningi. Gololi za chuma za duara, kipenyo chake milimita moja au chini ya hapo, hurushwa kwa gurudumu linalozunguka kasi au kwa hewa ya kompresa, kwa mwendo wa makumi ya mita kwa sekunde. Kila gololi inaacha kishimo kidogo. Vishimo vikishafunika uso wote, ngozi ya chuma imejaribu kutanuka, lakini chuma cha chini yake hakikutanuka na kinaizuia. Ngozi inabaki imebanwa, mithili ya abiria wanne waliokalishwa kiti cha watatu: huwezi kupitisha kitu kati yao mpaka kwanza uwaondolee mbano. Mvuto wa barabara ukifika pale usoni, sehemu yake kubwa inaishia kufuta ule mgandamizo kabla haujaanza kuvuta chuma chenyewe. Ufa unaotaka kuzaliwa unakosa nafasi ya kufunguka.

Unene wa ngozi hiyo iliyobanwa ni nusu milimita au pungufu yake. Kwenye jani lenye unene wa milimita 12, hicho ni kijisehemu ambacho huwezi kukiona kwa jicho, na ndicho kinachoiongezea springi maisha mara kadhaa. Kwa springi za kazi nzito kiwanda kinakwenda mbali zaidi: jani linapindwa kwanza kuelekea upande ambao mzigo utalipinda, likiwa hivyo hivyo linapigwa gololi kwenye uso unaovutwa, kisha linaachiwa. Mgandamizo unaobaki ni mkubwa kuliko ule wa kulipiga likiwa limelala.

Wala si kazi ya kukadiria kwa jicho. John Almen wa General Motors alibuni kipimo ambacho kinatumika mpaka leo, na hataza yake ni ya mwaka 1944. Kipande chembamba cha chuma cha springi, urefu milimita 76 na upana 19, kinafungwa kwa skrubu kwenye bamba na kupigwa gololi upande mmoja, kwa mashine ile ile na mpangilio ule ule wa kazi yenyewe. Kikifunguliwa kinajikunja, maana upande mmoja umetanuka na mwingine haukutanuka. Kimo cha tao lake kinasomwa kwa geji, kwa sehemu za milimita. Gololi zikiwa chache mno, tao halifiki. Zikizidi kupita kiasi, uso unaanza kujikunja na kupasuka, na umeharibu ulichotaka kulinda. Gololi zilizovunjika zinachujwa na kutolewa, kwa sababu kipande chenye ncha kinakata mahali pa kubana. Kazi yenye masharti ya namna hiyo ndiyo watu wanayoilinganisha na nyundo ya kilo mbili chini ya mwembe.

Turudi basi kwenye moto, kwa sababu hapo ndipo uharibifu mkubwa ulipo.

Mgandamizo wa gololi unaanza kulegea chuma kikipita nyuzi joto 230 hivi. Huo si moto wa kukifanya chuma kiwe chekundu. Ni joto ambalo ukilitazama jani utaona limebadilika rangi ya juu tu, likawa la majani makavu, kisha zambarau, kisha bluu. Fundi anayelipeleka mpaka wekundu amepita nyuzi 700. Ile nusu milimita uliyoinunua kiwandani imefutwa kabla hajashika nyundo. Hilo peke yake lingetosha kufunga mjadala, lakini moto haujamaliza.

Chuma cha springi kina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi, na ugumu wake unatokana na kaboni hiyo. Kwenye jiko la mkaa linalopulizwa hewa, chuma chekundu kinaunguza kaboni ya usoni. Lile gamba jeusi linalodondoka fundi anapogonga ni chuma chako kilichoungua, na chini ya gamba hilo inabaki ngozi laini isiyo na kaboni ya kutosha, ambayo haikazi hata ukiitosa kwenye oili ya namna gani. Yaani mahali pale pale panapovutwa kuliko kwingine ndipo ulipopafanya dhaifu kuliko kwingine. Viwanda vinalijua tatizo hili na vinalidhibiti kwenye tanuri, na bado vinapiga gololi baada ya tanuri. Utaratibu ni moto kwanza, gololi mwisho. Anayetia moto baada ya gololi ameirudisha springi nyuma ya hatua ya mwisho na kuiacha hapo.

Kisha kuna kuitosa. Chuma hiki hukazwa kwa kufikishwa karibu nyuzi 850, si katikati tu bali jani zima, kikatoswa kwenye oili, halafu kikapashwa tena kwa nyuzi 400 hadi 500 kwa muda uliopangwa ili kipunguze ukavu na kipate unyumbufu. Hatua ya pili ndiyo inayokifanya kiwe springi. Fundi wa kando ya barabara anakipasha sehemu ya katikati, anaitosa kwenye dumu la oili iliyojaa maji na masizi, na hatua ya pili hana. Matokeo yake ni jani lenye ugumu wa namna tatu: katikati kavu linaloweza kukatika kama lilivyotoswa, miishoni ugumu wa zamani, na kati ya hayo mawili ukanda uliolegea pande zote. Mpaka kati ya kigumu na laini ni mahali ambapo ufa hupenda kuanza.

Najua kwa nini imani hii haifi. Gari linatoka gereji limesimama wima. Tao limerudi, linaonekana, dereva anafurahi, tajiri analipa. Tao ni umbo, na umbo unaweza kulirudisha kwa moto, kwa jeki au kwa mti. Uhai wa springi hauko kwenye umbo. Kwa wiki ya kwanza huwezi kutofautisha springi iliyofufuliwa na mpya kwa kuitazama, na jani likikatika baadaye, mzigo ukiwa juu na gari likiwa kwenye mteremko, lawama inaangukia barabara. Jani kuu likikatika karibu na sikio, ekseli inasogea upande mmoja, na gari linaelekea linakotaka. Watu wanaokufa hapo hawakuulizwa kuhusu oili.

"Basi nitaigonga baridi," anasema yule aliyesikia nusu. Huyu anastahili jibu lake, maana kosa lake limejificha zaidi. Kiwandani, baada ya chuma kukazwa, springi hushindiliwa kwa nguvu kuzidi mzigo wake wa kazi, kuelekea upande ule ule ambao mzigo utaishindilia. Uso wa juu unavutika kupita kiasi kidogo, na springi ikiachiwa, uso ule unabaki umebanwa. Ni mgandamizo mwingine wa kusaidia ule wa gololi. Fundi anayerudisha tao kwa nyundo analaza jani juu ya vitegemeo viwili na kuligonga katikati kwa ndani ya tao. Analipinda kinyume. Uso wa juu unabanwa kupita kiasi, na jani likiachiwa, uso ule unabaki na mvuto ndani yake, gari likiwa halijapakiwa hata gunia moja. Mvuto wa barabara ukija unaongezwa juu ya mvuto wa fundi. Umelipia kuondolewa ulinzi, ukalipia tena kuwekewa adui mahali pake. Ongeza kovu la ukingo wa nyundo, na ufa umeshachaguliwa pa kuzaliwa.

Kuchomelea jani lililokatika nitalipitia haraka kwa sababu hakuna mhandisi yeyote anayelitetea. Chuma chenye kaboni kiasi hicho kikichomelewa bila maandalizi kinakuwa kikavu pembeni mwa uungo na kulegea mbele kidogo ya hapo, na uungo ukipoa unajivuta wenyewe. Hata kufunga waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea kwenye springi, fundi akiwa anashughulika na bodi tu, kunaweza kuacha kidoa cha cheche ambacho miezi michache baadaye kinageuka ufa. Kupiga mchanga, ile kazi ya kuondoa kutu na rangi kabla ya kupaka upya, nako si gololi: punje za mchanga zina ncha, zinakwangua, hazibani chuma kwa kiasi cha maana. Na wale wanaoona uso wa springi mpya una vishimo vidogo vidogo, wakadhani ni bidhaa mbovu na kuulainisha kwa grinda, wanaondoa kwa mikono yao kitu walichokinunua.

Chuma pia hakipumziki. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi kule Somanga, malori yalisimama na mizigo yake, na niliwasikia watu wakibishana kama springi zinaumia kwa kusimama na mzigo au zinapona kwa kutotembea. Uchovu wa metali unahesabiwa kwa marudio. Springi iliyosimama haiongezi ufa wa uchovu, wala ufa uliokwisha kuingia haujifungi hata gari likikaa mwaka mzima.

Deltani kuna jambo la ziada, na hapa wenye boti wanisikilize kuliko wenye malori. Chuma kikiwa mahali pakavu kina kiwango cha mzigo ambacho ukikaa chini yake kinaweza kuzunguka mamilioni ya mara bila kupasuka. Ndani ya maji ya chumvi kiwango hicho hakipo. Shafti ya propela inayofanya kazi Salale au Simba Uranga, maji kujaa na maji kupwa, inapinda kidogo kila inapozunguka huku chumvi ikichimba uso wake, na kila kishimo cha kutu ni mwanzo wa ufa. Gololi husaidia hata hapo, ila kwa sharti moja: kutu ikichimba chini zaidi ya ngozi iliyobanwa, ulinzi umepitwa. Kwa sababu hiyo shafti iliyotoboka kutu haiokolewi kwa kupigwa gololi juu ya matobo.

Watu wa delta wanaijua hadithi ya manowari ya Wajerumani, Königsberg. Ilizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikapata hitilafu kubwa ya injini na kujificha kwenye mikono ya Rufiji. Wasimuliaji wengi wanakazania mizinga yake. Mimi kinachonigusa ni jambo la kifundi: walikuwa vitani, wanatafutwa na meli za adui, moto walikuwa nao na nyundo walikuwa nazo, na bado vipande vya injini walivisafirisha kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kwenye karakana yenye vifaa, wakavirudisha. Njia ya lami hawakuwa nayo. Leo kutoka Ikwiriri hadi kwenye duka la vipuri Dar es Salaam ni safari ya asubuhi. Mwenye lori wa sasa hana udhuru ambao wale hawakuutumia.

Ya kufanya, basi. Jani likikatika, nunua jani jipya la unene, upana na tao lile lile, lililokatwa na kutobolewa kiwandani. Ukibadilisha upande mmoja wa gari kuukuu, badilisha na wa pili. Springi ya mtumba inunuliwe kama haina alama ya moto, nyundo wala uungo. Kuongeza majani kunapunguza mzigo wa kila jani kama tani zimebaki zile zile, ila wanaoongeza majani huongeza na tani. Kwa sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki, iliyoanza kusimamiwa Tanzania Machi 2019, ukomo wa ekseli moja yenye matairi manne ni tani 10. Yubolti zikazwe kwa kipimo, zikazwe tena baada ya kilomita mia chache za kwanza, kwa sababu majani mengi yanayokatikia kwenye senta bolti yalikatika kwa yubolti kulegea. Gari likitoka Nyamisati lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi, springi zikiwemo. Usisage, usitoboe, usichomelee, usifunge waya wa ardhi kwenye springi. Anayehitaji kipande cha thamani kipimwe nyufa bila kuharibiwa aulize TIRDO, shirika la utafiti na maendeleo ya viwanda, pale Msasani.

Na kwa asiyeweza kufika huko, kipo kipimo cha mafuta ya taa. Safisha shafti au jani mpaka chuma kionekane, kiloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, kifute kikauke kabisa, kipake vumbi la chaki nyeupe, ukigongegonge taratibu kwa mti na kusubiri. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Kwenye jani tazama uso wa juu karibu na senta bolti na karibu na sikio. Kwenye shafti tazama kona za mfereji wa kii na pale propela inapokaa. Mstari ukitokea, kipande hicho hakirudi kazini: hakichomelewi, hakitiwi moto, na hata kikiletwa kwenye mashine ya gololi kitakataliwa, kwa sababu gololi hupigwa kabla ya ufa.